Mgeni wa Beseni la Kwanza

Kutoka Kasongo nilikodi pikipiki, ambayo kule huitwa moto, lakini sehemu kubwa ya safari niliimaliza kwa miguu. Dereva wangu alikuwa na huruma nyingi kwa mashine yake. Kila tulipofika mlimani alisimama, akageuza shingo, akasema kwa upole, "Papa, shuka kidogo, moto ipumue." Nilishuka. Kwenye matope nilishuka tena ili nisukume. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka kwa hiari yangu, maana niliyaona maji ya mto kupitia mapengo. Tulipoingia Wamaza, mji wa njiani, nilikuwa nimeijua barabara ile kwa nyayo, na dereva alinisifu mbele ya watu: "Huyu ni abiria muzuri. Wengine wanapenda kukaa tu."

Nilikuwa natafuta samaki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mubangubangu, na alipika samaki mbichi ndani ya majani mapana ya porini, kwa mawese, pilipili na majani mengine machachu ambayo hakuwahi kunitajia jina lake. Alifariki nikiwa bado sekondari. Tangu hapo nimehangaika duniani: Kindu, Kalemie, Bukavu, Lubumbashi. Nimeuza vitenge, nimepaka rangi nyumba za watu, nimelinda ghala la saruji. Kila nilikofika niliagiza samaki wa majani, na kila mara nilipewa samaki mzuri ambaye hakuwa yule. Halafu mtu mmoja pale Kasongo akaniambia kwamba upande wa Kabambare, karibu na mto Luama, kuna ziwa dogo na mji mdogo kando yake, na wanawake wa pale bado wanapika namna ile. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, sina mtu wa kuniuliza naenda wapi. Nikaenda.

Tulifika mchana. Ziwa lilikuwa dogo kweli. Mtu wa ng'ambo akipiga chafya, wa huku anamwambia pole. Ufukweni palikuwa na vibanda vya kulia chakula vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na moto wake, benchi lake, na beseni la maji mbele ya mlango. Harufu ilinikuta kabla sijatua mzigo. Majani yale machachu, ni yenyewe. 

Lakini nilikuwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope, na mimi sikulelewa kula samaki wa bibi nikiwa mchafu. Beseni la kibanda cha kwanza lilikuwa karibu, na sabuni juu ya jiwe. Nikanawa mikono. Nikanawa uso. Nikaona maji ni mazuri, nikanawa shingo na miguu.

Ufuko mzima uligeuka kunitazama. Halafu mama mwenye beseni, mwanamke mrefu wa rika langu, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kabambare. Kutoka kibanda cha pili, mama mnene aliyekuwa anageuza vifurushi vya majani juu ya makaa akanitazama kama mtu anayetazama maiti ya kijana.

"Masikini," alisema. "Amenawa mpaka miguu."

Ndipo nikaelezwa sheria ya pale. Zamani akina mama wa ufukweni walikuwa wanagombania wageni, huyu anavuta mkono, yule anavuta sanduku, mpaka siku moja mgeni mmoja akaingia ziwani pamoja na sanduku lake. Wazee wakakata shauri: mgeni ni wa beseni aliponawa kwanza. Hapo atakula siku zote za kukaa kwake, na akirudi hata baada ya miaka, ni wa hapo hapo. Mama akitaka kumfungua, anamwaga maji ya beseni nyuma yake, na ruhusa hiyo ni ya siku ile tu.

"Na wewe unapika samaki wa majani?" nilimuuliza mwenyeji wangu.

"Mimi napika vyote," alisema.

Hilo lilikuwa kweli. Alipika vyote, na vyote vilikuwa na ladha moja. Sombe yake, yaani kisamvu, ilikuwa na mchanga. Bugali yake ilikuwa ngumu pembeni na mbichi katikati, na wali wake ulikuwa kinyume chake. Samaki wake wa majani aliungua upande mmoja kwa sababu alipenda kuzungumza, na hakuweka majani machachu kwa sababu, alisema, yanamtia usingizi. Jirani yake, yule mama mnene, alikuwa anakaa hatua chache tu kutoka benchi langu, anafungua vifurushi vyake polepole, na mvuke ulikuwa unanijia usoni bila kosa. Nadhani alikuwa anaupepea kwa makusudi.

"Papa, wa leo ameiva," ananiambia.

"Mama, nionjeshe kidole tu."

"Mugeni wa mwenzangu? Unataka nifukuzwe? Kula sombe yako, iko baridi."

Mchana nilijaribu kusahau tumbo. Nilioga ziwani, nikaelea chali kati ya mayungiyungi nikitazama mawingu, na kwa kitambo hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Mvuvi mmoja mzee alinichukua katika mtumbwi wake na kunifundisha kupiga kasia nikiwa nimesimama, kama wanavyosimama wao. Nilijifunza kwanza kuanguka. Nilianguka mbele, nyuma na ubavuni, na kila mara mzee alisema, "Sasa samaki wanakujua," akaninyooshea kasia.

Siku nilipoweza kusimama nilivua samaki wangu mwenyewe, mnene, anarukaruka. Nikafikiri nimeokoka. Nikamwambia mzee tushuke ng'ambo, tuwashe moto, nimpike mwenyewe.

"Umenawa kwa nani?" aliniuliza, ingawa alijua. Akamtia samaki kwenye kapu, akampeleka moja kwa moja kwa mwenyeji wangu. Jioni nililetewa. Sikumtambua.

Nikageukia dini. Ijumaa nilizungukazunguka karibu na nyumba ya imamu, ambako palinukia pilau, nikasalimia kwa heshima mara kadhaa zaidi ya inavyohitajika. Jumapili niliimba kanisani kwa sauti kubwa, nimesimama bega kwa bega na mwalimu wa kanisa, ambaye mkewe alikuwa amechinja kuku. Wote wawili walinifurahia sana. Wote wawili wakaniuliza nimenawa kwa nani. Katika jambo la beseni, Waislamu na Wakristo wa ziwa lile wana imani moja.

Basi nikaenda kwa mwenyeji wangu mwenyewe, nikamwomba waziwazi amwage maji.

Aliacha kupepea moto. "Nikikufungua, watasema hata huyu aliyenawa mpaka miguu amekimbia," alisema. "Hapa palikuwa pa yaya yangu, dada mukubwa. Alikuwa anapika, weye! Akaolewa Lusangi, akaniachia sufuria. Mkono wake akaenda nao. Mimi najua kupika? Sijui. Najua kucheka na watu. Lakini benchi ikikaa tupu, wazee watampa mutu mwingine kibanda, na iko mutu anakitaka auzie mafuta ya pikipiki."

"Na mimi nimekuja kwa ajili ya samaki, mama. Wa bibi yangu. Naondoka kesho kutwa."

Alinitazama, akahesabu jambo fulani kichwani. "Kesho wanapita wanunuzi wa dhahabu, wanatoka Salamabila. Wanalala hapa siku nyingi, wakingoja wenzao. Wageni wanafuata mutu anayekula kwa furaha. Kaa mbele, ule kama kwenu. Wakinawa kwangu, asubuhi ninakumwagia maji. Utakula kwa jirani mpaka upasuke."

Tulipeana mkono.

Wanunuzi walikuja kesho yake, kundi zima, wamevaa makoti ya mvua na miwani ya jua kwa pamoja. Walisimama njiani, wakaangalia vibanda. Nilikaa mbele na bakuli la sombe. Sijawahi kufanya kazi ngumu zaidi, na nimebeba saruji. Nilifumba macho. Niliguna. Nililamba vidole mpaka kwenye kiwiko. Nilipotafuna mchanga nilitikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka mapenzi.

"Papa," aliita mkubwa wao, "hapo iko muzuri?"

Mdomo ulikuwa umejaa, nikaonyesha kwa kidole kuelekea mbinguni.

Wakanawa. Wote. Kigelegele kikapigwa. Jirani, kwenye makaa yake, alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Asubuhi dereva wangu alikuja kunichukua. Mwenyeji wangu hakusahau ahadi. Alibeba beseni, akamwaga maji nyuma ya visigino vyangu, akaninong'oneza, "Nenda, kaka. Leo tu. Ukirudi, uko wangu." Jirani alikuwa tayari. Aliweka beseni lake mbele yangu, na juu ya sahani akafungua kifurushi. Mawese yalikuwa mekundu, samaki mweupe, na majani machachu yamelala juu yake kama alivyokuwa anayalaza bibi. Niliinama. Vidole vyangu viligusa maji.

"Ee!" sauti ilitoka nyuma.

Wanunuzi walikuwa kwenye benchi la mwenyeji wangu, kila mmoja na bugali mbele yake, kila mmoja na shavu limevimba kwa tonge lisilokubali kumezeka. Walikuwa wananitazama mimi. Mkubwa wao alikuwa ameinuka nusu.

"Papa, si ulisema huku ndio kuzuri? Mbona unanawa kule?"

 Mwenyeji wangu alikuwa ameshika beseni tupu kifuani kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa ufukweni, wa wale wanaogawa vibanda, alikuwa anapita, na yeye akasimama asikie jibu.

Nilimtazama samaki. Nadhani nilimtazama muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama samaki. Halafu nikatoa vidole majini, nikavipangusa kwenye suruali.

"Nilikuwa nasafisha mikono ya safari," nilisema. "Mimi nimeshakula. Nimeshiba kabisa."

"Kwa chakula hiki?" mkubwa wao aliuliza.

"Kwa chakula hicho."

Jirani alifunga kifurushi chake bila haraka. "Mwongo mukubwa," aliniambia kwa sauti ya chini, karibu kwa upendo, "na samaki wangu atapoa bure." Nikapanda pikipiki. Nyuma yetu nilimsikia mwenyeji wangu amepata sauti yake yote: "Mumesikia? Ameshiba! Haya, kuleni, iko nyingine kwenye sufuria!" Walinipungia mkono, na mimi nikawapungia. Kusema sikuweza, maana mdomo ulikuwa umejaa mate.