Redio Isiyo na Kitufe

Gereji nzima ilimwita Sikio, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimletea redio iliyokufa, hakukuuliza maswali. Alifumba macho, akaigonga mgongoni kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, kisha akakutajia panapouma. Alifanya hivyo miaka arobaini na miwili kwenye meza moja ya mbao, chini ya dirisha moja, na mara alizokosea anazikumbuka zote mbili.

Sasa gereji ilikuwa mali ya mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamume mzima aliyevaa fulana iliyoandikwa "Mtaalamu" mgongoni, pengine ili asije akasahau. Mpwa hakutengeneza redio. Alizing'oa, akabandika mahali pake vioo vikubwa vya kubonyeza kwa kidole, vyenye kumwonyesha mtu ramani ya njia anayoipita kila siku tangu azaliwe. Biashara ilimnyookea hadi akaagiza kabati la kupangia bidhaa. Lilifika asubuhi, likasimama uani na makaratasi yake, na mahali pekee palipolitosha ni chini ya lile dirisha.

"Mjomba, tuambiane ukweli," mpwa alisema. "Hiyo meza inakula nafasi."

"Imekula nafasi tangu wewe unatambaa chini yake. Mbona hukulalamika?"

Hawakufika mbali. Gari dogo jeupe liliingia likipiga muziki wa dansi kwa sauti ya kupasua vioo vya jirani. Nyuma ya usukani alikaa mkunga mstaafu, bibi wa miaka sabini, uso umemkauka. Wiki mbili nyuma mpwa alikuwa amemfungia redio ya kioo. Tangu jana kioo hakisikii kidole. Stesheni haibadiliki, sauti haipungui, na kwa kuwa wataalamu wameamua kitufe cha kuzungusha ni ushamba, hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

"Shikamoo, mama," mpwa alisema.

"Marahaba, na ukome! Jana nimemsindikiza jirani yangu makaburini na hii ngoma yako. Jeneza mbele, mimi nyuma, tunacheza! Mjane kageuka kuniangalia mara tatu. Mwisho nikazima gari, waombolezaji wakanisukuma."

Mpwa alibonyeza kioo kwa kidole kimoja, kisha viwili. Alizima gari akawasha, akazima akawasha, mara saba, na hapo elimu yake ikaisha.

"Ni programu, mama. Hiki kimechoka. Tukuwekee kingine."

"Kimechoka na wiki mbili? Mimi nina miaka sabini na bado nakata kuni."

Sikio alisimama. "Mama, usinunue kitu. Huu ni ugonjwa, na ugonjwa una mahali pake."

Mpwa aliona mlango wa kuitoa meza umefunguka wenyewe. "Haya, mjomba. Mpaka saa sita. Ukikiamsha, meza inabaki na kabati nalirudisha lilikotoka. Kikikushinda, meza inatoka leo leo. Bila kununiana."

"Nimekubali. Na mkunga ni shahidi."

Alianza pale mafundi walipokuwa wakianzia. Alichomoa fyuzi, na kimya kilichoingia kilimfanya fundi viti, aliyeshona upande wa pili wa uwanja, amshukuru Mungu kwa sauti. Aliufuata kila waya kwa vidole, mmoja mmoja, mpaka ulipofungwa kwenye chuma. Zote nzima. Alirudisha fyuzi, akaegemeza sikio kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusikia chochote cha maana, dansi tu.

Basi akatumia macho. Kwenye kona ya kushoto, fremu ya plastiki ilikuwa imejipinda, kidogo kama unene wa ukucha. Alichukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya fremu na kioo. Pande tatu kilipita. Upande wa nne kiligoma.

"Nani alikaza hizi skrubu?"

"Drili," mpwa alijibu kwa fahari. "Sekunde nne, zote."

"Ndiyo. Na drili haijui kusema basi. Umeibana fremu, jua la jana likaivimbisha, sasa inakikandamiza kioo pembeni. Kioo kinadhani kuna kidole juu yake tangu jana. Ukiweka cha kwako, hakuna wa kukusikia."

Mpwa alicheka, akaenda kulivua kabati lake makaratasi. Angejuaje? Zamani mtu alikaa mwaka mzima akijifunza kukaza skrubu tu, na ukizidisha, mwalimu anakupiga kofi la mkono hadi mkono wenyewe unajua pa kukoma. Siku hizi mtu anatazama filamu ya dakika saba kwenye simu, na dakika ya sita ameshafungua gereji.

Sikio alilegeza skrubu nne, robo mzunguko kila moja. Karatasi ikapita pande zote kama kisu kwenye siagi. Alitabasamu, akabonyeza.

Kioo hakikusema kitu.

Alibonyeza tena. Alikifuta kwa kitambaa, akabonyeza kwa kidole gumba. Dansi liliendelea kumcheka. Alilegeza fremu zaidi, mwishowe akaivua kabisa. Kimya cha kioo, kelele za spika.

"Hebu nijaribu mimi," mkunga alisema, akinyoosha mkono.

"Mama, tafadhali. Kazi ikiwa mikononi mwa fundi, mwenye mali hagusi. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mkunga akarudisha mkono. Naye aliheshimu kazi za watu.

Ilipofika saa sita, Sikio aliirudisha fremu, akakaza skrubu kwa mkono, polepole. Shati limemshika mgongoni. "Kimenishinda," alisema, na neno hilo lilitoka kama jino. Mpwa hakungoja alirudie. Alimwita fundi viti, wakaibeba meza pamoja na mitoto ya meza iliyojaa vifaa, wakaitua uani kwenye jua.

Mkunga aliingia garini aondoke. Kwa hasira tu, akakichapa kioo kidole. Dansi likanyamaza katikati ya neno.

Alibonyeza tena, likarudi. Akalipunguza. Akahamia stesheni ya taarifa ya habari, kisha akarudi. Mpwa akaja mbio, akabonyeza, kikamtii. Fundi viti akabonyeza, kikamtii. Sikio alinyoosha kidole chake cha kazi, na kioo kikamtazama kama hayupo.

Mkunga aliushika mkono ule, akaugeuza, akasugua ncha za vidole kama anayempima mgonjwa.

"Hii si ngozi tena, fundi. Ni sugu tupu, kavu kama gome. Kioo umekiponya saa nzima iliyopita. Kidole chako ndicho ambacho hakikitambui."

"Alisema mwenyewe kimemshinda," mpwa akadakia. "Ahadi ni ahadi."

"Wewe! Nilikupokea kwa mikono hii, ukatoka unapiga kelele bila sababu, na mpaka leo hujaacha. Skrubu nani alizikaza?"

Mpwa alitazama viatu vyake. "Basi, mjomba, irudisheni ndani."

Sikio alitazama dirisha, ambalo kabati lilikuwa tayari limeliziba nusu. "Iacheni," alisema. "Ila isogezeni mpaka langoni."

Pale langoni, chini ya kipande cha bati, ndipo anapofanyia kazi. Kabla ya mwezi kwisha yameletwa magari tisa yenye vioo viziwi, yote yaliyopita mikononi mwa Mtaalamu, ambaye drili bado hajaiweka chini. Sikio hulegeza skrubu robo mzunguko, hupitisha karatasi, kisha hurudi nyuma hatua moja.

"Haya, bonyeza wewe," humwambia mwenye gari, kisha yeye mwenyewe huinama kukusanya vifaa vyake, asikione kioo kikiitika.