Usiku wa Maporomoko ya Masaki

Juzi mwanangu alirudi shuleni amenyeshewa, akalibwaga begi lake nyuma ya mlango na kulisahau. Kesho yake nilipolifungua, harufu ya kitambaa kilicholala na maji, madaftari yaliyovimba na kipande cha muhogo kilichoanza kuchacha ilinipiga puani, nikakaa chini palepale sakafuni. Mtoto akadhani naumwa. Siumwi, ila harufu hiyo naijua. Ngoja niwasimulie ninyi, maana yeye bado mdogo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tumetoka kufanya mtihani wa darasa la saba. Kwetu ni Kongowe, hii ya Kibaha, na nawaomba msiichanganye na ile ya Dar es Salaam, maana nimechoka kusahihisha watu. Jirani yetu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Hawa. Bibi yake aliishi Masaki ya Kisarawe, ambayo nayo siyo Masaki ya wenye magorofa. Huko ni mihogo, mikorosho, na bodaboda zilizoelemewa na magunia ya mkaa. Msimu wa korosho ulipofika tukatumwa sote wawili tukamsaidie kuokota.

Hawa ndiye aliyeng'ang'ania twende kwenye maporomoko, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na tena tulale hukohuko. Nilimuuliza kwa nini tulale, akasema basi tu. Tulimuaga bibi kwamba tunakwenda kulala kwa shangazi yake, kitongoji cha pili. Shangazi hakuambiwa kitu. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua tulipo, jambo ambalo wakati ule tuliliona ni ujanja wa hali ya juu. Tukatia khanga, muhogo wa kuchemsha na korosho kwenye mabegi yetu ya shule, tukaondoka tunacheka.

Maporomoko yenyewe, nisiwadanganye, hayakuwa makubwa. Mtu akisimama mabegani kwa mwenzake angeshika kule juu yanakoanzia. Lakini yalikuwa na ngurumo, na baridi yake ilikufikia kabla hujayaona. Ng'ambo ya kijito, chini ya mwamba, palikuwa na uwazi mkavu, upana wake sawa na kitanda cha futi nne. Tulivuka kwa kurukaruka juu ya mawe, tukatandika khanga, tukala, tukajiona wenye nyumba.

Alasiri mvua ilinyesha vilimani. Kwetu yalidondoka matone machache tu, wala hatukuyajali. Kisha maji yakageuka rangi, yakawa mekundu kama chai ya rangi, na nilipotazama mawe tuliyovukia sikuyaona tena. Nyuma yetu mwamba ulisimama wima, kulia maporomoko, kushoto ukingo uliomeguka, mbele maji. Hatukujua kuogelea, si mimi wala yeye. Begi langu nililokuwa nimeliacha chini kidogo lililowa lote kabla sijalivuta. Nikalia mpaka sauti ikakauka. Nilimwita mama, nikamwita baba, nikamwita hata mwalimu wa hesabu ambaye sikumpenda.

Giza lilipoingia tulibanana ukutani, miguu tumeikunja kwa sababu maji yalikuwa hatua mbili tu kutoka vidoleni. Kelele ilikuwa kubwa, ikabidi Hawa aninong'oneze mdomo ukiwa sikioni kabisa.

"Zuu, mimi nimevunja ungo. Tangu mwezi uliopita. Usimwambie mtu."

Nilisahau kulia. Nilijua maana yake, sote tulijua. Bibi akipata habari, Hawa angewekwa ndani awe mwali, asitoke, asionwe, asipaze sauti, mpaka shule zifunguliwe Januari. Dada yake aliwekwa, tukamwona alivyotoka, mweupe na mpole, anaongea akitazama chini. Nilimwapia Hawa kwa Mungu kwamba sitasema. Kisha nikarudi kwenye shida yangu, nikaanza kuomba maji yapungue. Nilisoma kila sura niliyoijua, nilipomaliza nikaanza upya. Nilimsikia naye anaomba, nikamuuliza anaomba nini.

"Hayohayo unayoomba wewe," akasema.

Asubuhi alitokea mzee mmoja mchoma mkaa, kaja kuteka maji ya kupoozea tanuri lake. Maji yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni. Aliweka ndoo chini, akauliza, "Ninyi mna wazazi?" Kisha akaturushia kamba yake ya kufungia magunia, akatuvuta mmojammoja.

Kwa bibi kulikuwa kumejaa watu. Shangazi alikuwa amepita alfajiri kuazima chungu, uongo wetu ukafumuka, na nusu ya kijiji ilikuwa porini inatutafuta. Bibi alisimama uani na fimbo mbichi ya mpera.

"Haya, semeni wenyewe! Nani kamtia mwenzie wazimu?"

Hawa alijificha nyuma yangu. Fimbo ikaja upande wangu, na mimi, niliyeapa kwa Mungu usiku uleule, nikasema, "Bibi, Hawa amevunja ungo."

Nilijua kwamba habari hiyo huwafurahisha wazee. Nilidhani natuokoa sote wawili. Na kweli fimbo ilianguka. Bibi akapiga kigelegele, shangazi akaitikia, majirani waliokuja kutusuta wakaanza kuimba. Hawa akafunikwa khanga kichwani hapohapo, na matope yake miguuni, akaingizwa chumba cha ndani. Kabla khanga haijashuka alinitazama. Mimi nilipewa chai na maandazi mawili, langu na lake, nikala yote. Nilijiona mjanja, na naona aibu kuliandika hilo.

Siku zilizobaki niliokota korosho peke yangu. Kila jioni nilipita chini ya dirisha lake lililozibwa kwa gunia, nikamwita polepole. Mwali haitiki.

Mwaka uliofuata zamu yangu ilifika. Mama aliniweka ndani wiki mbili tu, wakati wa likizo, na begi langu la maporomoko lilikuwa limetundikwa ukutani, bado linanuka. Nililala nalo humo nikisikia wenzangu wakiruka kamba nje, na hapo ndipo nilipojua siku moja ina urefu gani. Nilizidisha zile zangu mpaka zifike miezi mitatu ya Hawa, nikalia.

Mwaka jana nilikutana na Hawa huko Dutumi, alikoolewa, tukimenya muhogo wa shughuli. Nilimwomba radhi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Akacheka.

"Shoga, ulikuwa mtoto." Akamenya kidogo. "Ila kuna jambo nilikudanganya. Uliponiuliza kule naomba nini."

"Ulisema unaomba kama mimi."

"Mimi niliomba maji yasipungue."

Nikashika muhogo mwingine, nikaendelea kumenya.