Mrija wa Mama Fundi

Wodini walimwita Haurudi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha upya kumeza na kukohoa watu walioumia ubongo, kisha kumwambia daktari ni nani anaweza kutolewa ule mrija wa kupumulia shingoni. Kila aliyemtaja alitolewa, na mrija haukurudi. Kwa wenzake ulirudi, tena mbiombio, mgonjwa akiwa ameshabadilika rangi. Kwake yeye, hata siku moja.

Siri yake ilikuwa ndogo tu: alingoja. Alingoja mpaka hata kipofu angeona kwamba mgonjwa yuko tayari. Nani ashindwe kutabiri mvua akiwa ameshalowa? Lakini watu walimsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Akaletwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyegongwa na pikipiki akitoka kununua uzi. Fahamu zilimrudia, mkono wa kulia ukafuata, lakini sauti hakuwa nayo, maana pumzi iliishia shingoni bila kufika mdomoni. Kila asubuhi simu ililia, na binti yake akamwekea sikioni. Aliyepiga alikuwa mama yake fundi, bibi mgonjwa asiyeweza tena kusafiri.

"Mwanangu, kohoa basi nijue upo," bibi alisema.

Fundi akakohoa. Makohozi yakaruka kutoka mrijani yakatua kwenye koti jeupe la Haurudi. Binti alihaha kutafuta kitambaa.

"Jamani, kaka, tusamehe!"

"Usijali. Kifua kizuri hicho," alisema Haurudi, akijifuta.

Alijua anachosema. Mtu anayekohoa hivyo anaweza kujisafishia njia ya hewa mwenyewe. Maji ya rangi alishamnywesha, na hakuna tone lililotokea mrijani, dalili kwamba anameza sawasawa. Kilichobaki ni kuuziba mrija kwa kifuniko, pumzi ipitie mdomoni na sauti ije nayo. Akivumilia hivyo mchana na usiku, unatolewa.

"Si umzibe leo basi?" binti alimwomba. "Bibi hali yake si nzuri. Anataka aitwe 'mama' mara moja tu, asikie."

"Haraka haraka haina baraka, dada. Wiki ijayo."

Daktari naye aliuliza, akajibiwa vivyo hivyo, kwamba huyu bado kidogo. Wiki ijayo ilipofika ikazaa wiki ijayo nyingine. Haurudi hakuwa na sababu yoyote ila woga, kwamba huenda huyu ndiye atakayemharibia jina. Mbele za watu aliuita uangalifu.

Asubuhi moja simu haikulia. Binti aliingia macho mekundu, akamkumbatia mama yake, na fundi akalia kilio kisichosikika. Haurudi alikuwa amesimama mlangoni. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwake, na kilikuwemo humo muda wote huo.

Aliuziba mrija siku ile ile. Fundi alipumua vizuri mchana, akalala vizuri usiku, wala hakupata shida hata kidogo. Mrija ukatolewa, na haukurudi. Wauguzi wakapiga makofi.

"Haurudi! Kama kawaida yako!"

Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, koti na yote. Fundi akamwashiria ainame. Sauti yake ilikuwa bado ya kukwaruza.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mtu mwingine angeniharakisha, nikafa kabla ya mama yangu. Wewe umenilinda."

Binti aligeukia dirishani. Haurudi alikuwa na ukweli ulimini, ila wodi nzima ilikuwa inamtazama ikitabasamu.

"Usijali, mama," akasema. "Ni kazi yangu."