Kifaa cha menoni cha marehemu baba

Leo nimeigawa mashine ya pumzi ya baba, na kitu kimoja kimerudishwa.

Baba alikuwa akikatika pumzi usingizini. Alipewa mashine ya kumpulizia hewa puani, akashindwa, upepo ulikuwa mkali. Ndipo daktari hapa mjini Nizwa akamtengenezea na kifaa cha kuvaa menoni, kinachosogeza taya mbele, avitumie vyote pamoja. Kwa hicho upepo wa mashine ukapunguzwa, akauweza. Mama naye akapata usingizi.

Sasa mama yumo edani. Nguo za baba tushazitoa sadaka. Mashine akasema apewe jirani yetu, ami Nasor, ana maradhi hayo hayo.

Nikaipeleka asubuhi, na kile kifaa nikakitia humo humo. Nilidhani vyote ni kitu kimoja.

Alasiri mkewe, bi Zuwena, kaja nacho kakifunga kwenye leso.

"Mwanangu, mashine tumepokea, Allah amrehemu. Lakini hiki kina alama za meno ya baba yako. Hakimwingii mtu mwengine."

Wallahi nilitaka kukitupa.

Mama akakipokea. Akakisugua kwa mswaki, kama alivyokuwa akifanya kila siku, akakiweka kwenye kikebe chake, upande wa baba wa kitanda.

Halafu akaniambia, taratibu tu:

"Tangu ile mashine izimwe, chumba kimya. Nikijilaza kidogo nashtuka, nadhani pumzi zimemkatika."

Nyinyi mliofiwa, mama zenu mliwajibu nini?