Siku Niliporudisha Saa Nyuma Tukingoja Bakwe

Bon, muache kucheka kwanza, nitasema yote miye mwenyewe, ju nikiwaachia ninyi mutaongeza chumvi. Ndiyo, ni miye Kasereka, ule wa Kimemi, hapa Butembo, mwenye kutengeneza telefone, njo nilifanya saa irudi nyuma siku ya kungoja bakwe ba Beni, bazee banaangalia, mama amesimama na mwiko mukononi. Haya ingali inanishika mupaka leo.

Mujue kwanza mambo ya dada yangu mudogo, Kavira. Muhindo wa Beni alimupenda, familia yake ikakuja na mahari, mais bakafika magaribi. Baba mukubwa Paluku (njo anasemaka kwa jina ya familia tangu baba yetu alikufa) akabauliza sababu gani banachelewa, beye bakasema telefone yabo haioneshe kama bamechelewa, shangazi yetu wa Kamango, kule mupakani, na yeye akatosha yake yenye kushikaka réseau ya Uganda, iko mbele yetu saa moja, basi kila mutu na saa yake, kelele mupaka Baba mukubwa akakasirika na kubarudisha Beni na mbuzi zabo. Akaapa mbele ya batu: bakuje tena mara moja tu, saa ine ya asubui, na bakichelewa, Kavira hataolewa kule. Na Baba mukubwa akiapa, ameapa. Kavira alilia, akakataa hata bugali.

Njo pale miye, na hii mudomo yangu, nikasema: "Baba mukubwa, nitatengeneza saa moja ya batu bote, yenye haidanganye."

Nilikuwa na ka-ordinatere kapya (kompyuta, rafiki alinitumia toka Kampala), kadogo kama sabuni, hakana kioo, hakana clavier ya kuandikia, ni kipande tu ya kijani na vyuma-vyuma juu yake. Unakafunga kwa televisheni, unaingiza kadi ya memori, kanaamka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikaazima clavier kwa jirani, nikaketi, kakaanza kuniuliza: unasema luga gani, uko inchi gani, unafwata saa ya muji gani. Nikatafuta Butembo, hapana. Beni, hapana. Kwa Congo yote miji mbili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Nikawaza, Lubumbashi iko mbali, sina hata mutu kule, Kinshasa njo kapitali, njo kwa serikali. Nikafinya Kinshasa, kakajivutia saa kwa internet ya telefone yangu. Kisha nikalinganisha na telefone yangu: dakika huku, dakika kule, sawasawa! Masaa yenyewe sikuangalia (nani anaangaliaka masaa, si yanajulikana?).

Siku ikafika. Televisheni chini ya bashi, ile turubai, katikati ya kiwanja ya parcelle, batri ya sola kando, tarakimu kubwa kama mikate. Batu bakapiga makofi. Baba mukubwa akasimama na koti yake: "Leo saa ni ya hii mashini. Hapana ya telefone, hapana ya mutu." Miye nikatanua kifua, ungesema niko injenieri wa kweli.

Mama njo alianza. "Leo saa haitembee. Kuku zimeiva tangu zamani, sombe inashikana na sufuria, na hapa hata saa ine haijafika?"

Nikaangalia telefone yangu pembeni. Mungu wangu! Saa ine ilikuwa imepita kitambo. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja nzima, na miye nilikuwa nimeweka arusi yote ya Butembo kwa saa ya Kinshasa. Na bakwe hata vumbi yabo haionekane. Ndani ya nyumba Kavira alikuwa ameona saa kwa telefone yake, poda inatiririka na machozi. Mutanisamehe, mais sikuwaza Kavira, niliwaza jina yangu tu: injenieri gani huyu? Nikasema nitaitengeneza kimya kimya. Clavier? Nilikwisha kuirudisha, na jirani amefunga mulango, ameenda Mutwanga. Donc nikafanya vile tunafanyaka na kitu yote yenye kutusumbua: nikachomoa kamba, nikarudisha.

Kumbe kale kamashini hakana saa ya ndani kama telefone! Ukikakatia moto, na kama internet hakuna (yangu ilikwisha asubui), kanaamka na saa ya mwisho yenye kaliandika. Televisheni ikakuwa nyeusi, maandiko nyeupe yakaanza kukimbia toka juu mupaka chini (nyanya mumoja akauliza ni Zaburi gani), kisha tarakimu zikatoka: saa tatu na robo.

"Kasereka," Baba mukubwa akasema polepole, "tulikuwa karibu saa ine. Saa yako inarudiaka kwabo?"

Parcelle yote ikapasuka na kicheko. Nilitamani udongo unimeze. Na pale pale, honi kwa mulango: pick-up ya Beni.

Bakashuka na matope mupaka magoti. Musemaji wabo amekwisha kutosha kofia, ameanza "Bazee, barabara..." macho yake yakaanguka kwa televisheni. Akarudisha kofia kwa kichwa.

"Bazee, mutusamehe, tumefika mapema sana. Mais tunaona bibi arusi hajaketi. Mwenye hayuko tayari kupokea bageni, kwa desturi analipa nini?"

Batu bote bakamugeukia Baba mukubwa. Akaangalia televisheni, akaniangalia miye.

"Mbuzi," akasema. "Kasereka, enda ulete ya kwako."

Ya kwangu, yenye nilifugia Noeli! Vigelegele vikapanda, Kavira akatoka na poda yake mistari-mistari, akacheza mupaka viatu vikatoka, na miye, na haya yote ile, nilifurahi sana.

Jioni niliketi kando ya Baba mukubwa tunakula ile mbuzi. Akanyoosha mukono kushika mufupa, koti ikapanda, nikaona saa ya mukono. Inatembea. Saa ya kweli kabisa, na alikuwa nayo tangu asubui. Nikaacha kutafuna.

Akashusha koti. "Nilijifunga na mudomo yangu," akasema. "Nilikuwa natafuta mujinga wa kunifungua. Kula."

Ka-ordinatere nilikaweka Lubumbashi, kumbe saa yake ni moja na yetu, na naapa, saa ya batu sitaigusa tena. Mais nikifika Beni, bananiita Kinshasa, mutu mukubwa na batoto, na miye nitafanya nini, ninaitika.