Nilimwandikia Wanja Kazi Yake

Naomba msinitafutie kisingizio. Wapo walioshajaribu, wakaniambia nilifanya kwa roho nzuri. Sikufanya kwa roho nzuri. Nilichukua kazi ya mwanafunzi wangu, nikaiandika kwa mikono yangu, nikaipeleka kwa jina lake bila kumwuliza. Nilikosea, na yaliyofuata nimeyabeba mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Meru mjini. Babangu ana bucha hapo hapo mtaani. Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanaojitolea kutengeneza mfumo endeshi wa bure. Kwa asiyejua, mfumo endeshi ndio unaoiongoza kompyuta tangu uiwashe mpaka uizime. Mingine inauzwa. Huu wetu hauuzwi. Watu wa nchi nyingi wanauandika pamoja, na yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuukagua na kuurekebisha.

Kila mwaka mradi wetu huchukua wanafunzi wachache. Kila mmoja anapewa mlezi, mtu mzoefu wa kumwelekeza kwa miezi kadhaa, na kazi yake ikifaulu inaingia kwenye mfumo na jina lake juu yake. Aliyeniingiza mimi ni jamaa wa hapa Meru ambaye sasa anaishi Nairobi. Nitamwita Mutwiri.

Mwaka uliotangulia zamu yangu ya ulezi, Mutwiri alikuwa mlezi wa kijana mmoja wa huku kwetu. Kijana akapotea katikati ya kazi, simu hashiki, ujumbe hajibu. Hakuna aliyesema neno kwenye mikutano ya mradi, lakini ya pembeni niliyasoma. Ati watu wa huku ni wa kuanza, si wa kumaliza.

Kwa hivyo nilipokubaliwa kuwa mlezi, niliapa kwamba wangu atamaliza.

Wangu alikuwa Wanja, msichana wa Kianjokoma, kule Embu. Kwao ni majani chai na kahawa kidogo. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na kipindi hicho cha likizo alikuwa nyumbani. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza swali hakujibu mpaka awe amelifikiria, ungedhani simu imekatika. Siku tuliyoanza nilimwuliza kwa nini alichagua kazi ile na si nyingine.

"Ni Baba, madam," akasema. "Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sukari ikamharibu macho, sasa haoni. Kompyuta anaitaka, lakini mpaka mtu amshikie."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfumo wetu una sauti inayosoma yaliyo kwenye skrini, ili asiyeona aweze kuutumia. Lakini unapouweka kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, sauti hiyo ilikuwa haijui Kiswahili. Wanja alitaka mtu kama babake akae mbele ya kompyuta tupu, auweke mfumo mwenyewe mwanzo hadi mwisho, akielekezwa kwa Kiswahili, bila kumwita mtu yeyote.

Nilimpenda kwa hilo tangu siku ile.

Wiki zikaanza kupita. Wanafunzi wa nchi nyingine walikuwa wakituma kazi kila mara. Wanja ananitumia sentensi chache na maelezo marefu. Kianjokoma mvua ikinyesha mtandao unakuja ukienda, na asubuhi alikuwa shambani akichuma majani na mamake kabla hajaifungua kompyuta. Nikimpigia ananiambia, "Bado najaribu na Baba, madam. Hapa kwa namba za diski hajaelewa."

"Wewe maliza kwanza. Kujaribu kutakuja."

"Sasa nikimaliza na yeye haelewi, nitakuwa nimemaliza nini?"

Nilimwambia aharakishe, nikakata simu.

Katikati ya kipindi kuna tathmini, na kwa kuwa kwetu kila kitu hufanywa hadharani, kazi ya kila mwanafunzi huonwa na wote. Ilipokaribia, Mutwiri akanipigia.

"Msichana wako anaendaje? Maana huku watu wanaangalia. Tukianguka mara ya pili, hawatachukua tena mtu wa Meru wala wa Embu."

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Nilidanganya. Na badala ya kumpigia Wanja nimwambie nimedanganya, Jumapili hiyo nilijifungia kwenye chumba kilicho nyuma ya bucha, nikaandika. Baba aliniita chakula, nikamwambia naja, sikwenda. Kazi aliyokuwa akihangaika nayo Wanja, mimi nilikuwa nimefanya za aina yake mara nyingi. Kufika alasiri ilikuwa imekwisha. Niliijaribu mwenyewe, macho yangu mazima yakitazama skrini, nikaona inafanya kazi. Nikaituma. Mahali pa jina la mwandishi nikaandika jina la Wanja.

Nilimpigia kesho yake. "Nimekusaidia kidogo, ndio upite tathmini. Baadaye utaipitia pole pole uielewe."

Nikasikia akibonyeza vitufe.

"Umeiweka kwa jina langu?"

"Si ni kazi yako? Mimi nimeimalizia tu."

"Yangu iko hapa kwa mashine, madam. Sijakupatia bado."

Nikamwambia asiwe na utoto. Ndiyo, neno hilo nililitumia kwa mtu mzima aliyekuwa akiniambia ukweli.

Tathmini alipita. Mimi nikapongezwa kwa ulezi mzuri, na Mutwiri akanitumia ujumbe kwamba nimewafunga watu midomo. Wiki hiyo nilitembea chuoni kama bibi harusi. Wanja alinitumia mstari mmoja tu, akisema ameona.

Kisha kukawa na mkutano wa mtandaoni ambapo kila mwanafunzi anaeleza kazi yake na kuulizwa maswali. Zamu ya Wanja ilipofika, alieleza vizuri lengo la kazi na habari za babake, watu wakamsikiliza. Halafu mzee mmoja wa mradi, mtu mtaratibu aliyekuwemo tangu zamani, akamwuliza bila ubaya wowote, "Kwa nini umeifanya sauti itaje namba tarakimu moja moja, badala ya kuitaja namba nzima?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikamwandikia haraka kwenye simu, nikamtumia asome. Kwenye skrini nilimwona Wanja akiinamisha macho, akautazama ujumbe wangu. Kisha akainua uso.

"Sijui," akasema. "Sikuandika mimi. Ameandika mlezi wangu. Mimi singefanya hivyo, kwa sababu babangu akisomewa namba hivyo anapotea."

Kila mtu akangoja niseme kitu.

Nilizima kamera yangu. Hicho ndicho nilichofanya. Sikusema ni kweli, sikusema mnilaumu mimi. Nilimwacha binti wa watu peke yake mbele ya nyuso zile zote, akijibu maswali ya kosa langu kwa Kiingereza chake cha kujipanga, na mimi nikiwa nimekaa gizani nasikiliza.

Kanuni hazikubagua. Wanja aliondolewa, kwa kuwa kazi iliyotathminiwa haikuwa yake. Mimi nikavuliwa ulezi. Nikanyang'anywa pia ruhusa ya kuingiza kazi kwenye mfumo bila kupitia kwa mtu, ruhusa niliyoihangaikia miaka mingi. Siku moja najaribu kuingia kama kawaida, naambiwa sina idhini. Nilikaa nikiutazama ule mstari mpaka chai yangu ikapoa.

Chuoni habari zikafika, maana Meru hakuna kinachokaa mfukoni. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Si ungejitafutia msichana wa Nairobi? Hawa wa mashambani utawabeba mpaka lini?" Nilimwuliza ni lini amenisikia nikisema Wanja alibebwa.

Halafu Mutwiri akapanda Meru kuwaona wazazi wake, akaniita tukutane kwenye hoteli moja karibu na soko. Tukaagiza chai.

"Nimeongea nao," akasema. "Andika taarifa fupi. Sema msichana hakuwa tayari, alilemewa na kazi, na wewe ukamwonea huruma. Watakuelewa. Baada ya muda utarudishiwa ruhusa yako."

"Hakulemewa."

"Wewe, kwani alimaliza?"

"Hakumaliza kwa sababu nilimnyang'anya."

Mutwiri akasogeza kikombe. "Ni maneno tu. Yeye ashatoka, hayatamdhuru. Wewe ndio uko na kitu cha kupoteza."

"Hapo ni hadharani, Mutwiri. Miaka kumi ijayo mtu akitaka kumpa kazi atakuta mlezi wake ameandika kwamba hakuwa tayari. Siandiki."

"Basi utakaa nje."

"Nitakaa."

Niliandika taarifa yangu, mistari michache: Wanja alikuwa tayari, mimi ndiye niliyeogopa, na alichosema mkutanoni ni kweli tupu. Nikaituma mahali ambapo kila mtu angeisoma. Mutwiri hajanipigia tangu siku hiyo, na ruhusa yangu haijarudi. Wakiniuliza leo, nitaandika maneno yale yale.

Lakini taarifa si msamaha. Nikafunga nyama nzuri kutoka kwa Baba, nikaenda Kianjokoma.

Mama Wanja alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili, akaniwekea chai na nduma. Mumewe, Mwalimu Njeru, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Wanja alinisalimia, akakaa mbali nami.

"Wewe ndiwe mlezi wake," akasema Mwalimu Njeru.

"Ndimi, Mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Utaomba. Kwanza nataka kuiona hiyo kazi yako." Akasema kuiona, na hakuna aliyecheka. "Wanja, niwekee ya huyu kwanza."

Wanja akaleta kompyuta kuukuu, akaiwasha na kazi yangu ndani, akamwachia babake. Sauti ikaanza kumwelekeza. Mwanzoni alienda vizuri, vidole vyake vikitafuta vitufe. Ilipofika pa kuchagua sehemu ya diski, ikaanza kummwagia tarakimu, moja baada ya nyingine, hata sisi wenye macho hatukujua namba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Akairudia. Akairudia tena. Kisha akatoa mikono.

"Nimepotea," akasema.

Wanja akaizima, akaweka yake. Haikuwa imekamilika, ilikwama mara moja ikabidi waanze upya. Lakini ilipofika pale pa namba, ilimtajia sehemu kubwa na sehemu ndogo kama mtu anavyozitaja, ikamngoja, ikamwuliza kama ana hakika. Mzee akaenda nayo hadi mwisho. Ikamwomba aandike jina lake. Akaliandika kwa kidole kimoja, na mashine ikamsomea: Njeru. Mamake Wanja aliyekuwa amesimama mlangoni akageuka upesi akaenda jikoni.

Niliomba msamaha pale pale, mbele yao wote, kwa kila kitu nilichokitenda. Mzee akasema amesikia.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tukatembea kimya, na mara hii sikudhani ni kwa sababu hana la kusema.

"Ile ya kuandika kazi yangu nimekusamehe, madam," akasema hatimaye. "Ulikuwa na haraka. Ile ya kuzima kamera, bado."

"Nimesikia," nikasema. Sikumwomba aharakishe.

Wanja hakungoja programu ya mwaka uliofuata. Kwetu mtu yeyote anaweza kuleta kazi, awe na mlezi asiwe naye. Aliipeleka mwenyewe. Walimkosoa hadharani, wakamrudisha, akarekebisha, wakamrudisha tena. Nilikuwa nikiyasoma yote kama mpita njia, na kuna siku vidole viliniwasha nikajua kabisa tatizo liko wapi. Nilifunga kompyuta nikaenda kumsaidia Baba kuhudumia wateja. Siku mbili tatu baadaye alilipata mwenyewe, na njia aliyoipata haikuwa ile niliyokuwa nayo mimi.

Kazi imekubaliwa. Sasa imo ndani ya mfumo, na jina lililo juu yake ni lake peke yake. Mimi sikutajwa, na isingekuwa haki nitajwe. Bado hajanisamehe ile ya pili. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Ana haki ya kukaa nayo muda anaoutaka.

Mimi naendelea kufundisha. Wanaonisema wananisema, na wanaodhani nitawaacha wasichana wa vijijini kama Kianjokoma na Ishiara kwa sababu ya aibu hii watangoja sana. Nawafundisha. Ila sasa mwanafunzi akikwama nakaa kando yake, mikono yangu nimeikalia kama mtoto wa nasari, naye anahangaika mpaka atoke.

Wewe unayelea mtu kazini, kama unaona anakuchelewesha, jiulize ni nani anayekuangalia mpaka ukaogopa. Ukishamjua, zungumza na yeye, usiiguse kazi ya mwanafunzi. Na ukiharibu, baki kwenye mkutano uso wako ukionekana.

Na wewe mwanafunzi, siku mlezi wako atakapokuletea kazi iliyokwisha, akakwambia weka jina lako hapa, mkatalie. Mkatalie hata kama ana jina kubwa, hata kama anakupenda. Mkatalie hata kama ni mimi.