Miramula ya Mama

Juzi nilirudi Mabira kupima kibanja chetu. Mwenye diploma ya upimaji ardhi kijijini ni mimi peke yangu. Nilipoiona miramula, mimea yetu ya mipaka, nilikumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, baada ya matanga ya baba.

Baba mdogo alikuwa ameing'oa yote ili amnyang'anye mama kibanja. Wanawake wa kikundi cha haki za wajane walikuja na miche, wakayatafuta mashimo ya zamani kwa vidole vya miguu. Udongo ulinukia mvua. Nilidhani wanapamba kaburi la baba.

"Nani kawaruhusu?" baba mdogo aliuliza.

"Shika jembe, shemeji, utusaidie," kiongozi wao alimjibu, akiendelea kupanda.

Nimepima mara tatu. Mstari wao umenyooka, na upande wa ndani mama bado anavuna ndizi zake.